Nani Anaudai Wimbo Huu?

Hoja iliyoletwa na Mjomba ni hii: wimbo mpya unaojivika sauti ya zamani unakula jasho la watu wengine, na kumbukumbu zao juu. Mpwa wake anaipinga. Shangazi alikaa katikati akidai hana upande. Msomaji ataamua mwenyewe kama alisema kweli.

Mjomba alipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mpwa anatengeneza muziki kwa kompyuta chumbani kwake, na masikio yake yalishahamia Japani kitambo. Shangazi ni mzaliwa wa Mombasa aliyelowea Dar, wakala wa forodha. Kazi yake ni kutoa magari bandarini. Wimbo uliowagombanisha ni "NIGHT DANCER" wa kijana aitwaye imase, uliotoka Agosti 2022. Una gitaa linalokwaruzwa kwa mkato, besi isiyo na haraka, na sauti ya kiume inayopanda kwenye falseto taratibu, kana kwamba mwimbaji hataki kuwaamsha majirani. Kijana huyu alizaliwa mwaka 2000 mkoani Gifu na alianza kwa kujirekodi nyumbani. Hata hivyo, ukiusikia wimbo wake mara ya kwanza, unahisi uliwahi kuusikia.

Maneno yao nimeyafupisha pale walipokatizana. Sikuyalainisha.

MJOMBA: Na hapo ndipo shida ilipo. Unahisi uliwahi kuusikia kwa sababu kweli uliwahi. Kuna watu waliupiga kabla yake. Chukua "Plastic Love" ya Mariya Takeuchi, iliyomo kwenye albamu ya Variety ya mwaka 1984. Aliutunga mwenyewe, muziki ukapangwa na mumewe, Tatsuro Yamashita, aliyeshika pia gitaa. Drams ni Jun Aoyama, besi ni Koki Ito. Wawili hao walikuwa na Yamashita tangu "Ride on Time" ya mwaka 1980. Sikiliza besi inavyokaa na teke la drams. Haiwahi, haichelewi, inaegemea tu. Mimi nimeshika besi, najua gharama ya kuegemea vile. Inataka watu wawili wapige pamoja mpaka mmoja ajue mwenzake atavuta pumzi lini. Huyu kijana wako kaikuta mezani, kajipakulia.

MPWA: Alisoma, Mjomba. Kusoma si kuiba. Na tukianza kuulizana nani alisoma kwa nani, hatumalizi leo. Yamashita mwenyewe alisomea kwenye santuri za Marekani. Beach Boys, na vile vikundi vya vijana wa mitaani walioimba bila ala. Mwaka huo huo wa 1980 alitoa albamu nzima ya nyimbo za namna hiyo, On the Street Corner, sauti zikirundikwa moja juu ya nyingine na zote ni zake. Wakubwa zake, kina Haruomi Hosono na Eiichi Ohtaki wa kundi la Happy End, walifunga safari mpaka Los Angeles mwaka 1972 kurekodi albamu ya mwisho ya kundi lao. Ohtaki akaja kutoa A Long Vacation mwaka 1981, na ukiijua kazi ya mtayarishaji wa muziki Phil Spector, unasikia ramani yake kila upande. Tazama na jalada lake, alilochora Hiroshi Nagai. Bwawa la kuogelea, minazi, anga la buluu, na hakuna mtu hata mmoja.

SHANGAZI: Minazi ya wapi hiyo?

MPWA: Ndilo swali lenyewe, Shangazi. Kwa kijana wa Tokyo anayekandamizwa kwenye treni kila asubuhi, ile ilikuwa Marekani ya kusadikika. Muziki huu wa Japani wanaouita city pop, tangu mwanzo ni wa kutamani mahali usipoishi. Sasa mtu wa leo akitamani wakati asiouishi, kakosa nini ambacho wenyewe hawakukosa?

Nitaingilia kidogo, kwa sababu lipo jambo linalombeba Mpwa na hakulitaja. "Plastic Love" ilipotolewa kama single mwaka 1985 haikutikisa chochote. Iliishi maisha ya nyimbo nyingi nzuri, ikapendwa na waliokuwa nayo. Mwaka 2017 mtu asiye na idhini aliipandisha YouTube akiwa ameweka picha moja tu ya nyeusi na nyeupe, Takeuchi akicheka. Mitambo ya YouTube ikaanza kuipendekeza kwa watu ambao maishani hawakuwahi kutafuta wimbo wa Kijapani, na waliousikiliza wakafika makumi ya mamilioni. Kwa watu hao uso ule ndio Tokyo yenyewe, usiku, taa za rangi, miaka ya 1980. Mwishoni mwa 2018 video ikaondolewa. Aliyelalamika hakuwa mwimbaji wala kampuni ya muziki. Alikuwa Alan Levenson, mpiga picha Mmarekani, kwa kuwa picha ni yake. Aliipiga Los Angeles, kwa ajili ya single nyingine kabisa, "Sweetest Music" ya mwaka 1980. Mwaka 2019 video ilirudi. Kwa hiyo uso ambao dunia nzima imeutundika kama bango la usiku wa Tokyo ulipigwa picha California.

MJOMBA: Hiyo ni picha. Mimi nazungumzia kazi. Hao Happy End walipanda ndege, wakaenda wakakaa studio na wenye muziki wao, wakabishana nao. Ukiiga kitu kilicho hai, mwenyewe yupo, anaweza kukuambia hapo umeharibu. Ukiiga kitu kilichokwisha kuzikwa, nani atakurekebisha? Unabaki unajisifia mwenyewe.

MPWA: Na Cuban Marimba?

MJOMBA: Cuban Marimba imeingiaje hapa?

MPWA: Si wewe uliyenilea kwa nyimbo za Salum Abdallah? Bendi ya Morogoro, milima ya Uluguru ile pale, inajiita ya Kyuba! Nani pale alikuwa kaiona Havana? Santuri za muziki wa Kyuba, zile za mfululizo wa GV, zilianza kuletwa Afrika miaka ya 1930. Vijana wa Leopoldville wakazisikiliza, vijana wa kwetu wakazisikiliza, wengine wakaimba hadi Kihispania cha kubuni, silabi tu zinazofanana. Na leo muziki ule ni wetu, hakuna anayeuita wa kuazima. Hakuna aliyemfuata Salum akamwambia rudisha Kyuba ya watu.

MJOMBA: Salum alifariki 1965, mwache apumzike.

SHANGAZI: Shemeji, umeshikwa.

MJOMBA: Sijashikwa. Salum alichukua mdundo, lakini akautia watu wake. Mapenzi ya pale mjini, ugomvi wa pale, siasa za wakati ule, na Kiswahili ambacho hata leo ukikisikia unajua huyu mtu kakulia Morogoro. Alichukua chombo akakijaza. Huyu imase kajaza nini?

MPWA: Chumba chake. City pop ya zamani ni muziki wa kutoka: gari, bahari, hoteli, disko. Kuna wimbo wa Yumi Arai wa mwaka 1976, "Chuo Freeway", wapenzi wawili wako ndani ya gari kwenye barabara kuu inayotoka Tokyo kwenda magharibi, na anakutajia mpaka uwanja wa mbio za farasi na kiwanda cha bia wanavyovipita. Ukiwa na ramani unaweza kuufuata. Sasa sikiliza "NIGHT DANCER". Gari hakuna. Ni usiku wa kawaida, watu wawili wanacheza, hawajali saa, hawana pa kuwahi. Kijana wa leo hana hilo gari, wala mkopo wa kulinunulia. Kauchukua mdundo uliotengenezwa kwa ajili ya barabara ya njia nne akauingiza ndani, akavua viatu mlangoni. Hiyo ndiyo habari yake, na kaisema. Korea Kusini waliusikia wakauelewa, mpaka ukaingia kwenye chati ya Melon, na nyimbo za Kijapani hazikuwa na kawaida ya kuonekana huko.

Hapa Mjomba aliomba wimbo urudiwe. Aliusikiliza mpaka mwisho huku kidole cha kati kikigonga paja pale ambapo besi inaruka noti. Hakusema kitu, na Mpwa, kwa busara, hakumuuliza.

SHANGAZI: Maadamu mmetaja gari, na mimi niseme, maana kwenye magari ndiko ninakokula. Kila gari ninalotoa pale bandarini linaongea Kijapani. Unawasha, mwanamke anakusalimu, halafu anakulalamikia kwamba kadi ya kulipia barabara haimo. Hajui kwamba yuko Kurasini! Redio nayo unaizungusha inagota 90. Kule kwao FM ilianzia 76 ikaishia 90, mpya zinafika 95, na huku kwetu tunakwenda mpaka 108. Mpaka fundi aweke kile kidude cha kuongeza masafa, mwenye gari ana vituo vichache na kelele. Nina mteja alikuta CD ya Kijapani imesahauliwa ndani ya redio, akaisikiliza foleni zote za Mandela wiki nzima. Leo hata umweleze nini, ule muziki kwake ni foleni ya Mandela, ni gari lake la kwanza, ni mke wake akiwa mjamzito. Sasa Shemeji, kumbukumbu hiyo kamwibia nani? Imekuja na meli, imelipiwa ushuru.

MJOMBA: Huyo hana kosa. Huyo ni msikilizaji.

SHANGAZI: Na wasikilizaji ndio wanaokuwa watunzi. Isitoshe, Wajapani wametuanza zamani. Ile taishokoto ya taarab ya Mombasa, ile yenye vitufe vya kubonyeza kama mashine ya kuchapia, mnajua imetoka wapi? Nagoya! Bwana mmoja Goro Morita aliibuni mwaka 1912. Ikafika India, ikafika na kwetu. Zuhura Swaleh na kundi lake wakaifanya itambe harusini. Mimi nimekulia kwenye sauti ile. Ukinipigia waya mmoja wa taishokoto nitakuonesha mlango wa nyumba ya bibi yangu. Na sijawahi kufika Nagoya.

Mpwa alikuwa ameshaweka kinanda kidogo cha kompyuta mapajani.

MPWA: Niwaonesheni kitu, halafu mniambie kama humu ndani kuna kumbukumbu ya mtu. Napiga fa, la, do, na mi juu yake. Mmesikia? Mi na fa ni majirani wa karibu mno, nusu hatua tu, kwa hiyo utamu una mchomo ndani yake. Nikiutoa mchomo huo, nikabakisha fa, la, do, unapata wimbo wa shule ya watoto. Sasa nahamia mi, sol iliyopandishwa, si, re. Hapo kuna wasiwasi, ile sol kali inataka kupanda. Inapanda inafika la: la, do, mi, sol. Umetua, lakini umetua pa huzuni, tena na sol juu inayokataa kutulia. Ukitaka kupumzika inabidi urudi fa uanze tena. Zunguka mara mia. Do, ambayo ndiyo nyumbani, hufiki. Unaipita kila mara ikiwa katikati ya noti nyingine, husimami juu yake.

SHANGAZI: Rudia.

MPWA: Wanamuziki wa Japani wanauita mpangilio huu kwa majina ya nyimbo mbili: "Just the Two of Us" ya Grover Washington Jr. na Bill Withers, na "Marunouchi Sadistic" ya Sheena Ringo ya mwaka 1999. Kwenye pop yao ya sasa umejaa. Tamaa mnayoisikia imo kwenye hesabu ya noti. Mtu wa miaka kumi na tano aliyezaliwa Tandika ataisikia bila kuambiwa kulikuwa na mwaka 1984.

MJOMBA: Noti sawa. Hazina mwenyewe, nakubali kabla hujaniuliza. Na ule mtikisiko? Kwenye nyimbo zenu hizi kuna mahali sauti inapinda kidogo, inalegea halafu inarudi.

MPWA: Ni programu. Inaiga kanda iliyochoka, kasi inayopungua na kuongezeka, na ule mvumo wa chini.

MJOMBA: Sisi tulimlipa fundi auondoe. Ninyi mnalipia uwekwe! Halafu mnaniambia hamkuchukua kumbukumbu yangu. Ule mvumo ulikuwa adui yetu. Tulirekodi chumba kimoja, kwa mkupuo, mmoja akikosea wote mnaanza upya, na mwishowe unasikia kanda inavuma unataka kulia. Yamashita huyo huyo alipohamia mitambo ya dijitali kwenye Pocket Music, mwaka 1986, alihangaika nayo, sauti haikumridhisha. Walikuwa wanatafuta usafi. Ninyi mnaupaka uchafu mnasema ndiyo uzuri.

MPWA: Kwa sababu kwetu usafi ni wa bure, Mjomba. Kila simu inarekodi sauti safi. Ambacho hatuna ni dalili kwamba mtu alikuwepo.

Jibu hilo lina ukweli zaidi kuliko alivyokusudia, nami nitalirudia baadaye. Kwanza nitaje kumbukumbu moja ambayo kweli ni ya uongo, na hakuna kati yao aliyeigusa. Muziki huu siku hizi huuzwa kama sauti ya Japani ya ukwasi, ile ya bei za viwanja kupaa na makarani kupungia teksi noti za yen elfu kumi. Angalia tarehe. "Mayonaka no Door" ya Miki Matsubara ni ya Novemba 1979, miezi michache baada ya Sony kutoa Walkman ya kwanza. A Long Vacation ni 1981. Timely!! ya Anri ni 1983. "Plastic Love" ni 1984. Mkataba wa Plaza uliopandisha thamani ya yen ulitiwa saini Septemba 1985, na ukwasi wenyewe ukafuata kuanzia 1986. Soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni tarehe 29 Desemba 1989, Nikkei ikiwa 38,915, kisha likaporomoka. Ilichukua mpaka Februari 2024 kuivuka namba ile. Hivyo nyimbo zinazochezwa leo kama ukumbusho wa utajiri ule zilitungwa kabla utajiri haujafika, na watu waliokuwa wakiuwazia tu. Utajiri wenyewe ulipokuja, mtindo huu ulikuwa umeanza kupitwa.

Nilipowasomea tarehe hizo, Shangazi ndiye aliyejibu kwanza.

SHANGAZI: Basi ni muziki wa watu wanaosubiri meli. Na huyo mwanamke wa "Plastic Love", anayecheza na mapenzi ya watu kwa kuwa aliumizwa, sheria yao ya kazi sawa kwa wanawake ilikuwepo?

Haikuwepo. Ilipitishwa mwaka 1985 na kuanza kutumika Aprili 1986. Mwanamke wa wimbo ule anaumiliki usiku wake wakati ofisini, mchana, bado alitarajiwa kumimina chai na kuacha kazi akiolewa.

SHANGAZI: Ndiyo maana wimbo unacheza huku unauma. Sasa niambieni kitu kimoja, maana mimi mambo yangu ni risiti. Nani analipwa?

Swali hili liligeuza mjadala, na baada ya hapo sikusikia tena neno kumbukumbu kwa muda mrefu.

MPWA: Inategemea kimechukuliwa nini. The Weeknd mwaka 2022 alitoa "Out of Time". Ndani yake amekata kipande cha "Midnight Pretenders" ya Tomoko Aran, ya 1983. Ukitazama orodha ya watunzi, jina la Tomoko Aran limo. Limo na la Tetsuro Oda. Ukichukua sauti yenyewe unaomba ruhusa, unaandika jina, unalipa.

MJOMBA: Jina la mpiga besi limo?

MPWA: Kwenye watunzi? Hapana.

MJOMBA: Na imase, ambaye hakukata kipande, kaiga tu mwendo?

MPWA: Mwendo hauna hakimiliki.

MJOMBA: Ahaa. Ngoja hapo hapo, usikimbie. Mwendo hauna hakimiliki. Melodia inayo, maneno yanayo. Haya niambie, watu wanaousikia "Plastic Love" bila kujua neno la Kijapani, huko Brazili, huko Indonesia, wanapenda maneno?

MPWA: Hapana.

MJOMBA: Wanapenda nini?

MPWA: Besi. Drams. Namna unavyokaa.

MJOMBA: Yaani kile hasa ambacho watu wanakililia leo, sheria haikihesabu. Mpiga besi wa studio kwa kawaida alilipwa ujira wake wa siku ile akaenda nyumbani. Miaka arobaini baadaye dunia nzima inamtafuta yeye, na anayeandikwa ni mwingine. Aoyama alifariki 2013. Hata hiyo video ya 2017 hakuiona.

SHANGAZI: Na yule wa "Mayonaka no Door"?

Mpwa ndiye aliyesimulia, na alisimulia taratibu. Matsubara alikuwa na miaka 19 wimbo ule ulipotoka. Alizaliwa Osaka mwaka 1959. Mtunzi wa muziki alikuwa Tetsuji Hayashi, maneno ya Yoshiko Miura. Mwaka 2020 binti wa Indonesia anayejulikana kama Rainych, mvaa hijabu anayeimba Kijapani kwa ufasaha wa kushangaza, aliurudia wimbo huo mtandaoni. Ukahamia TikTok. Vijana wenye mama wa Kijapani wakawa wanaupiga ghafla sebuleni na kuwarekodi mama zao, ambao kabla ya kiitikio walishakuwa wamesimama wanaimba na kucheza. Desemba mwaka huo wimbo ukashika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Spotify ya nyimbo zinazosambaa kwa kasi duniani. Matsubara alikuwa amefariki kwa saratani tangu 2004, akiwa na miaka 44.

SHANGAZI: Kwa hiyo watunzi wamekula matunda, mwimbaji hakuyaona, na wapiga vyombo hawakualikwa.

MPWA: Lakini Shangazi, bila yule Rainych, bila kina imase, nani angemtaja leo? Mimi nimefika kwa Aoyama kupitia nyimbo mpya. Nilisikia kundi la Suchmos kwanza, nikasikia "Tokyo Flash" ya Vaundy, kijana aliyeitunga na kuipanga mwenyewe akiwa na miaka 19, ndipo nikarudi nyuma kutafuta mzizi. Mlango wangu ulikuwa wa mbele. Mkiufunga huo, wazee mnabaki na santuri zenu, mnafutana vumbi.

MJOMBA: Sijasema tufunge. Yamashita ndiye aliyefunga wa kwake. Mwaka 2022 aliulizwa habari ya kuziweka nyimbo zake kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, akakataa. Hakuona haki muziki usambazwe na kuvunwa na watu wasiohusika kuutengeneza. Mimi namwelewa, ila yeye ana uwezo wa kukataa. Koki Ito angekataa nini?

Msimamo wangu ni huu, na wote watatu wanaufahamu kwa kuwa niliwaambia palepale. Sehemu ya kwanza ya hoja ya Mjomba, ile ya kumbukumbu, imeanguka. Muziki huu ulizaliwa ukiwa na jua la kuazima. Anayeuazima tena hajavunja nyumba ya mtu. Hata Mjomba aliiacha pale Shangazi alipouliza nani analipwa, ingawa hakukiri. Sehemu ya pili imesimama, na nadhani ina nguvu kuliko alivyoijenga. Mpwa alisema wanachokosa ni dalili kwamba mtu alikuwepo. Dalili hiyo ina majina. Mtu anayeweka mtikisiko wa kanda kwa programu anatafuta Aoyama na Ito bila kuwajua, na soko limepangwa kumpa kila kitu isipokuwa wao. Simlaumu imase. Kijana wa Gifu aliyejirekodi nyumbani asingeweza kukodi studio na wapigaji wa 1984 hata angetaka. Pesa za kampuni za santuri zilizowalipa watu wale wakae siku nyingi wakitafuta mwegemeo mmoja wa besi haziko tena mezani. Ila nikisikia mtu akiusifu wimbo mpya kwa sababu "una roho", huwa namuuliza roho ya nani, na mara nyingi hanipendi baada ya hapo.

Mpwa hakukubaliana nami kuhusu programu. Alisema mwegemeo unaweza kuchorwa kwa mkono kwenye skrini, noti moja moja, na akamwonesha Mjomba. Mjomba alitazama vile vijimstari vya kijani vikisogezwa kulia kwa nywele moja, akasikiliza, akasema bado vinawahi. Akasogeza. Akasema sasa vinachelewa.

MPWA: Basi nina biti hapa, imekwama kwa sababu ya besi hiyo hiyo. Njoo uipige wewe.

MJOMBA: Jina langu litaandikwa?

MPWA: Litaandikwa.

MJOMBA: Mpiga besi, au mtunzi?

MPWA: Mjomba...

MJOMBA: Nauliza tu. Na mirabaha?

MPWA: Tutaongea.

MJOMBA: Tuongee sasa, shangazi yako yupo, awe shahidi.

SHANGAZI: Shahidi naye hulipwa, Shemeji. Anzeni na asilimia kumi.